Mkwaruzo Kwenye Kona ya Pili

Bondeni, Nakuru
4 Machi 1957

Kwa rafiki yangu Micah Kipkemei,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Chepngeno na mtoto Jepkorir. Sisi hatujambo. Hadiya anakusalimu na anasema ile meza uliyotutengenezea tulipotoka vitani haijatikisika hata leo.

Sasa neno lenyewe. Mtaa wetu unamaliziwa ukumbi wa dansi na mikutano, na kamati imenipa mimi kazi ya vyombo vya sauti, kwa sharti moja: niwaonyeshe kwanza sanduku moja la spika likifanya kazi. Likiwaridhisha, nitaweka mawili kabla ya ufunguzi, Jumamosi ya tarehe mosi Juni. Lisipowaridhisha, mwenyekiti wetu Bwana Mathenge amesema wataita kampuni ya Nairobi. Micah, miaka kumi nimekaa kwenye baraza la duka la mtu nikifungua redio za watu. Nikiipata kazi hii nitakuwa na mlango wangu mwenyewe.

Shida ni besi. Kwa spika ya kawaida mwimbaji anasikika mpaka nyuma, lakini gitaa kubwa na ngoma vinafia mstari wa tatu wa viti. Mhandisi mmoja wa redio ameniazima gazeti la Uingereza lenye mchoro ninaokuletea humu. Nikueleze nilivyoelewa. Spika ni karatasi inayosukuma hewa. Kwenye sauti nzito hewa inaikwepa, kama mtu anayepunga kiganja hewani. Lakini ukiifungia mbele yake pembe, yaani njia inayoanza nyembamba na kupanuka polepole, hewa haina pa kukwepea. Inabebwa hadi mdomoni na kutoka na nguvu zake zote. Ila wimbi la besi ni refu, lile la chini linafika futi ishirini na nane, kwa hiyo pembe nayo iwe ndefu na mdomo wake uwe mpana. Ikinyooshwa itatokea dirishani! Ndiyo maana wanaikunja mara tatu ndani ya sanduku, kisha sanduku linawekwa kwenye kona ya chumba, ili kuta mbili na sakafu ziendeleze mdomo ule.

Tena sauti nyembamba haziwezi kupinda kona zile za ndani, zinapotelea njiani. Basi sanduku linachuja lenyewe, linatoa besi tupu. Waimbaji nitawapa pembe ndogo ya bati juu yake.

Hakuna fundi mbao ninayemwamini kwa kazi hii ila wewe. Waweza?

Wako,
Alamin bin Saidi


Elburgon
9 Machi 1957

Alamin,

Salamu nimepata. Sisi wazima, mvua tu ndiyo imechelewa.

Mchoro nimeuangalia siku tatu. Mimi sijui mambo ya mawimbi lakini najua bomba la kutoa unga wa mbao hapa kiwandani. Ukilipinda ghafla linaziba, ukilipinda polepole unga unapita. Naona hewa yako ni hivyo hivyo. Sasa kona ya pili umeandika inchi saba, na kona ya kwanza pia saba. Njia si inatakiwa kupanuka? Mimi nikipiga hesabu napata tisa na nusu. Angalia tena kabla sijakata.

Mbao iko. Meneja ameniruhusu kuchukua mbao ya mti wa podo ya kufanyia fremu na plaiwudi ya robo tatu inchi yenye kasoro usoni, anakata kwa mshahara kidogo kidogo. Nitafanya jioni nikitoka kwenye msumeno.

Kitu kingine. Usipige simu ofisini, karani hapendi. Kila kitu andika, hata kidogo.

Micah Kipkemei


Nakuru
14 Machi 1957

Ndugu Micah,

Ni tisa na nusu. Nilinakili vibaya. Ungekuwa fundi mwingine ungekata saba na kunyamaza.

Usinikasirikie, jana nilipiga simu. Nilitaka tu kukuuliza kama utatia gundi pamoja na skrubu au skrubu peke yake. Nikakusikia ukisema, "Ndiyo, ndiyo, sawa," halafu ukakata. Sasa ndiyo ipi? Tia vyote viwili. Na chumba kilicho nyuma ya spika kizibwe kabisa, hata tundu la msumari lisibaki. Hewa ya nyuma ikivuja, besi imekwenda.

Kwa treni ya mizigo ya Ijumaa ninakutumia spika yenyewe, inchi kumi na tano, na amplifaya ndogo, na kile kimashine changu cha kutoa mlio. Kiwanda kina umeme wa jenereta, kwa hiyo utaweza kujaribu huko huko. Anza na mlio wa chini kabisa, panda taratibu, na usikilize. Ubao uliolegea hausikiki kwenye muziki siku ya kwanza, lakini kwa mlio mmoja mmoja utasikia mkwaruzo, kama nyuki kwenye debe. Ukiusikia, utafute na uukaze. Hili ndilo la maana kuliko yote, kwa sababu kamati haitaangalia kona zako nzuri. Itasikiliza.

Alamin


Elburgon
2 Aprili 1957

Alamin,

Sanduku yako imekwisha. Inataka watu wanne kuinua. Odero, yule tunayefanya naye kazi kwenye msumeno, ameniuliza kama ni jeneza ya ng'ombe.

Nimeijaribu Jumapili, watu wakiwa kanisani na jenereta ikiwa bure. Nilianza chini kama ulivyosema. Ile ya chini kabisa imetikisa vumbi kwenye dari ya karakana. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, mlangoni, na nimeisikia kifuani kama lori inakuja. Sijawahi kutengeneza kitu kama hii. Nimekaa nayo mpaka watu wakatoka kanisani.

Nimeweka mkono kila ubao wa nje, zote zimetulia. Sikusikia mkwaruzo hata mmoja.

Inakuja kwa treni ya Alhamisi, pamoja na mashine zako. Waambie wasiilaze kwa mdomo.

Micah


Nakuru
8 Aprili 1957

Micah,

Juzi Jumamosi alasiri niliionyesha kamati sanduku lako. Nakueleza kama ilivyokuwa.

Niliweka santuri ya dansi. Besi ilipoingia watu wote saba waligeuka kutazama nyuma, walidhani kuna kitu kimeanguka nje. Bwana Mathenge alicheka. Nikaona nimepata. Halafu gitaa kubwa likashuka kwenye noti moja, ile ile inayorudi kila baada ya mistari miwili, na sanduku likaanza. Zzzz. Nikapunguza, zzzz. Mama Milcah wa kikundi cha wanawake akaniuliza kwa upole, "Fundi, hiyo ni sehemu ya wimbo?" Nilikuwa nimefunga, jua linachoma, na jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu.

Wamenipa nafasi moja tu tena, kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Jana nimelifungua. Kiungo kimoja cha podo kwenye kona ya pili kimekauka na kujitenga na gundi. Unene wa karatasi tu. Hilo si kosa, mbao ni mbao. Lakini nimeweka mlio wa noti ile, na mkwaruzo ule hata mtoto aliye jikoni ameusikia. Wewe ulikaa na sanduku hili asubuhi nzima ya Jumapili. Umeniandikia kwa mkono wako, "Sikusikia mkwaruzo hata mmoja." Ulilijaribu kweli, au uliniambia nililotaka kusikia?

Miaka yote tunajuana hujanidanganya. Kwa hiyo nauliza.

Alamin


Elburgon
11 Aprili 1957

Alamin,

Mimi si mwongo. Niliijaribu. Kama kiungo kimeachana kimeachana kwenye treni, hao watu wanatupa mizigo kama magunia ya viazi. Waulize wao.

Kama unataka fundi mwingine, mbao iko kila mahali.

Micah K.


Elburgon
12 Aprili 1957

Kwa shemeji Alamin,

Ni mimi Chepngeno, mke wa Micah. Barua hii naipeleka posta mwenyewe na yeye hajui. Nakuomba asijue.

Ameisoma barua yako mara nyingi na tangu hapo hali chakula vizuri. Shemeji, hakukudanganya. Hasikii. Ilianza kama miaka mitatu iliyopita, kidogo kidogo, ni msumeno ule. Kwanza alikuwa hasikii ndege, tukacheka. Halafu birika likipiga mluzi haamki kuliondoa. Sasa Jepkorir akimwita kutoka nyuma hageuki, na mtoto amezoea, anazunguka mpaka mbele yake. Sauti nzito anazisikia. Lori anasikia, ngurumo anasikia, sauti yako pengine angeisikia kama ungekuwa hapa. Sauti ya mwanamke ni kama imefungwa kwa blanketi.

Siku ile ya kujaribu sanduku nilimfuata karakana baada ya kanisa. Nilisimama mlangoni nikausikia mkwaruzo, nikadhani ndivyo linavyolia. Yeye alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Sikuwa nimemwona hivyo siku nyingi. Nikamwacha.

Kinachonitia hofu ni kazi. Yeye anashika wenzo wa kusukuma gogo kwenye msumeno, na Odero yuko upande wa pili akiligeuza. Odero akitoa mikono anapiga filimbi mara moja, maana yake sukuma. Akipiga mara mbili, ngoja. Micah haisikii filimbi. Anatazama mikono ya Odero. Nimemwambia aende kwa meneja aombe kazi nyingine, anasema meneja akijua atamfukuza, na nyumba hii ni ya kiwanda.

Wewe anakusikiliza. Tafuta namna ya kumwambia bila kunitaja.

Chepngeno


Nakuru
17 Aprili 1957

Ndugu Micah,

Nilikuandikia kwa hasira na nakuomba radhi. Kiungo nimekibandika upya na kukitia skrubu mbili za shaba, mkwaruzo umekwisha. Jana kamati imesikiliza tena na imekubali. Bwana Mathenge mwenyewe alikwenda mpaka mwisho wa ukumbi, akasimama kwenye mlango wa nyuma, akarudi akanipa mkono.

Kwa hiyo sasa nahitaji la pili, sawa na la kwanza, lifike kabla ya tarehe ishirini Mei. Safari hii usihangaike kulijaribu. Lilete tu, nitalijaribu mimi.

Jihadhari na msumeno. Nasikia watu wengi huumia kwenye viwanda siku hizi za mvua.

Wape nyumbani heri ya Pasaka.

Alamin


Elburgon
9 Mei 1957

Alamin,

Sanduku ya pili iko tayari nusu. Sijui kama itakwisha. Nakueleza sababu.

Juzi Jumanne asubuhi kulikuwa na mvua kubwa, na mvuke wa boila ulikuwa unarudi ndani ya banda. Odero alikuwa upande wake na gogo la mwerezi. Mimi huwa naangalia mikono yake. Siku hiyo mvuke ulipita katikati nisimwone. Nilihesabu kama kawaida, nikadhani tayari ametoka, nikasukuma wenzo. Alikuwa amepiga filimbi mara mbili. Watu wote kwenye banda waliisikia, hata waliokuwa nje. Gogo limembana mguu wa kulia juu ya goti. Mfupa umevunjika.

Tulimtoa. Alikuwa ananiambia kitu, naona mdomo wake unakwenda, sikusikia ni nini. Baadaye nimeuliza wengine. Alikuwa anasema, "Micah, nilipiga. Si nilipiga?"

Nilikwenda ofisini mwenyewe. Meneja alikuwa ameandika kwamba Odero alichelewa kutoa filimbi. Nikamwambia hapana, alipiga mara mbili, mimi ndiye sisikii. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia miaka mitatu. Nimeachishwa. Nyumba tunatoka mwisho wa mwezi.

Hivyo ile barua yangu ya Aprili kuhusu watu wa treni, futa. Niliijaribu sanduku yako kweli. Kusikia ndiko nilikuwa sina.

Odero wamemleta hospitali hapo Nakuru.

Micah


Nakuru
13 Mei 1957

Micah,

Barua yako imenifika juzi na sikulala nayo vizuri. Nina jambo la kusema na nitalisema moja kwa moja.

Nilijua. Tangu katikati ya Aprili nilijua kwamba husikii, na nilijua habari ya filimbi. Usiulize kwa njia gani, na usimkasirikie yeyote, aliyeniambia alinisihi nikuambie ili uache msumeno. Alitegemea maneno yangu.

Nilikaa kuandika barua hiyo. Halafu nikafikiri: Micah akienda kwa meneja leo, atatolewa kiwandani leo, na sanduku la pili litatengenezwa wapi, kwa plaiwudi gani? Nikajiambia acha limalizike kwanza, ni wiki nne tu. Nikakuandikia "jihadhari na msumeno," kama mtu anayemwambia mwenzake afunge shati vizuri kuna baridi. Nilijua maneno yale hayana kitu ndani yake wakati nayaandika.

Wiki ya tatu Odero amevunjika.

Sikuombi unijibu. Sanduku liache kama lilivyo, nitaiambia kamati iite wa Nairobi.

Alamin


Elburgon
20 Mei 1957

Alamin,

Aliyekuambia najua ni nani. Kuna mtu mmoja tu anayejua, na yuko hapa anapanga vyombo kwenye gunia. Nilimwuliza, akanijibu akiwa amesimama mbele yangu ili nisikose hata neno moja. Alikuwa na haki.

Barua yako niliisoma nikaiweka siku tano. Kwanza nilitaka kuichoma. Halafu nilifikiri, huyu amenyamaza wiki tatu, mimi nimenyamaza miaka mitatu. Tena mimi ndiye nilishika wenzo. Siwezi kukubebesha yangu.

Lakini yako ubebe. Nenda hospitali, wodi ya wanaume, umwambie Odero ulichoniambia. Si kwa barua. Mimi nimeshakwenda. Akaniuliza nani mwingine alikuwa akijua. Nikamwambia nitamwacha huyo mtu aje mwenyewe. Anakungoja.

Ukishafanya hivyo niandikie neno moja, nitakuja na sanduku. Vipande vimekatwa vyote, vimebaki kuungwa tu. Meneja amesema nivichukue, havimfai kwa kitu.

Micah


Nakuru
23 Mei 1957

Micah,

Nimekwenda.

Alamin


Nakuru
Jumapili, 2 Juni 1957

Mama Jepkorir,

Natumai mko salama kwa mama yako huko Kuresoi na viazi vimepandwa. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu ulisema sikuambii mambo.

Sanduku ya pili nimeiunga hapa, kwenye ua wa Alamin, siku nne. Hadiya amenilisha kama mgeni wa harusi. Mimi na Alamin siku mbili za kwanza tuliongea mambo ya skrubu tu. Siku ya tatu alisimama mbele yangu, akaniambia maneno ya Odero. Odero alimwambia, "Wewe sikujui. Ungekuwa ni mtu wa kiwanda ningekutupia hii bakuli. Sasa kaa, unisomee gazeti." Tangu hapo Alamin anakwenda kila jioni kumsomea. Odero hajamwambia kwamba yamekwisha, na Alamin hajauliza. Mguu utapona lakini utakuwa mfupi. Meneja amebadilisha ile karatasi yake ya ajali, ameandika kwamba Odero alipiga filimbi kama inavyotakiwa, kwa hiyo fidia atapata. Karatasi ya kwanza ingemnyima.

Ilipofika kujaribu sanduku, Alamin aliweka mlio, akaniangalia. Nilimwambia, "Ita mtu mwingine asikilize." Akamwita Mama Milcah wa kamati. Yule mama akainama mpaka sikio likagusa ubao, akanyoosha kidole chini upande wa kushoto. Nikafungua, nikakaza. Akasikiliza tena, akatikisa kichwa kwamba hakuna. Imechukua robo saa. Miaka mitatu nilikuwa naona ni kitu kikubwa sana kumwambia mtu nisikilizie.

Jana ufunguzi ulikuwa saa tisa alasiri. Watu walijaa mpaka madirishani. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Waimbaji niliwaona, midomo inakwenda, kuwasikia hapana. Nilisikia kama mtu anakuna nguo chumba cha pili. Lakini besi, Chepngeno, niliisikia yote. Kila noti, inapoanza na inapokwisha. Mzee mmoja karibu yangu alinishika mkono akiniuliza kitu, nikamwonyesha sikio langu nikamwambia, "Sisikii vizuri, mzee, sema pole pole." Akarudia pole pole. Alikuwa anauliza choo kiko wapi.

Alamin amepata chumba karibu na soko. Atatengeneza redio mbele na mimi nitafanya masanduku nyuma. Kanisa moja la Subukia limekwisha kuuliza bei. Kuna nyumba ya vyumba viwili, paa linavuja upande mmoja, nitaliziba kabla hamjafika.

Njooni na treni ya Ijumaa. Stesheni ina kelele nyingi na mimi nitakuwa natazama mabehewa. Ukishuka usiniite. Mwache Jepkorir akimbie anishike mkono.

Baba Jepkorir,
Micah